Upasuaji wa kengeza la nje la vipindi kwa watoto: kisu ni sehemu ndogo ya huduma

Kengeza la nje la vipindi ni lile ambalo jicho la mtoto hukaa sawa muda mwingi wa siku, kisha hutoroka kuelekea upande wa sikio akichoka, akiumwa, akitazama mbali au akizama kwenye mawazo. Akiwa juani, mtoto huyu mara nyingi hufumba jicho moja. Operesheni ya kulirekebisha ni salama kwa jumla, wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na ikifanywa kwa wakati wake tunaipa alama nzuri. Ila anayetaka kujua kama kliniki fulani inaijua kazi hii asiulize kwanza habari za chumba cha upasuaji. Aangalie vipimo vinavyotangulia na ziara za marudio zinazofuata.

Kipimo cha siku moja hakitoshi. Ukubwa wa kengeza hili hubadilika kati ya asubuhi na jioni, kwa hiyo inafaa lipimwe angalau siku mbili tofauti, kwa prizma (vioo vinavyopinda mwanga) na kwa kufunika jicho moja baada ya jingine, mtoto akitazama kitu kilicho mita 6 na kingine kilicho sentimita 33. Kliniki makini humpeleka pia dirishani atazame mbali zaidi, kwa sababu kuna watoto ambao jicho hutoka zaidi hapo. Kipimo cha mbali kikiwa kikubwa kuliko cha karibu, jicho moja hufunikwa kwa saa nzima ndipo vipimo virudiwe. Ubongo wa mtoto hujitahidi kuyashika macho yote mawili kwa kitu cha karibu, na juhudi hiyo huficha sehemu ya kengeza hadi ichoshwe. Daktari akiruka hatua hii anaweza kupanga milimita za kusogeza msuli wa jicho kwa namba isiyo ya kweli.

Kuna pia alama za udhibiti, kutoka 0 hadi 5. Sufuri ni jicho linalorudi sawa ndani ya sekunde moja baada ya kufunuliwa. 5 ni jicho lililobaki nje muda wote wa kutazamwa. Mzazi aombe alama hiyo iandikwe kwenye faili kila ziara, maana mwelekeo wake kwa miezi kadhaa una uzito kuliko namba ya siku moja. Video fupi za simu zilizochukuliwa jioni husaidia sana, kwani mtoto akiwa mbele ya daktari hukaza macho na kengeza hupotea.

Kabla ya kufikiria kisu, miwani. Mtoto apimwe baada ya kuwekewa matone ya kupanua mboni. Akiwa haoni mbali, miwani sahihi peke yake inaweza kupunguza vipindi vya jicho kutoka. Jicho moja likiwa dhaifu kuliko jingine, udhaifu huo utibiwe kwanza. Na nyuma ya jicho lazima pachunguzwe: kengeza lililoambatana na mng'ao mweupe kwenye mboni linaweza kuwa saratani ya jicho, na mtoto huyo afikishwe kwa daktari wa macho haraka bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Haraka ya operesheni mara nyingi haina msingi. Kikundi cha watafiti wa Marekani kiitwacho PEDIG kilifuatilia watoto wa miaka 3 hadi 10 bila kuwapa tiba, na baada ya miaka 3 waliozorota walikuwa takriban 15 kwa kila 100. Upande wa pili, usemi wa "litaisha akikua" unafaa kwa kichanga wa chini ya miezi 4, si kwa mtoto wa miaka 5 ambaye jicho lake liko nje zaidi ya nusu ya muda aliokuwa macho. Huyo, au yule ambaye uwezo wake wa kutambua kina cha vitu vilivyo mbali unapungua ziara hadi ziara, ndiye operesheni ilitengenezewa. Kwa walio chini ya miaka 4 wenye udhibiti mzuri, madaktari wengi husubiri: jicho likirekebishwa kupita kiasi na kubaki limeingia ndani, mtoto mdogo anaweza kupoteza uwezo wa kutumia macho mawili pamoja.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha nyuma misuli ya nje ya macho yote mawili. Kwa jedwali linalotumika sana, kengeza la ukubwa wa vipimo vya prizma 20 hurudishwa milimita 5 kila jicho, la 30 milimita 7, la 40 milimita 8. Ya pili hufanywa jicho moja tu: msuli wa nje unarudishwa nyuma na wa ndani unafupishwa. Msuli hufungwa kwa nyuzi nyembamba zinazoyeyuka zenyewe, ukakatwa pale unaposhikana na weupe wa jicho, kisha ukashonwa sehemu mpya. Jicho halitolewi nje, ingawa uvumi huo bado unatisha wazazi wengi. PEDIG hao hao walizilinganisha njia hizi kwa watoto 197. Baada ya miaka 3 matokeo yasiyoridhisha yalikuwa takriban 46 kwa 100 kwa njia ya kwanza na 37 kwa njia ya pili, tofauti isiyotosha kuitangaza mojawapo kuwa mshindi. Kwa hiyo daktari achague ile anayoifanya mara nyingi na vizuri. Namba hizo mzazi azisikie kabla ya kutia saini, kwa kuwa anayeahidiwa kuwa jicho litanyooka moja kwa moja hajaelezwa ukweli.

Mtoto hupewa usingizi kamili. Kanuni ya kawaida ya kufunga ni saa 6 kwa chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 2 kwa maji matupu. Msuli ukivutwa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Daktari huuachia, na mtaalamu wa usingizi huwa na atropini, dawa ya kupandisha mapigo, karibu. Kutapika baadaye ni jambo la kawaida sana kwenye operesheni hii, kwa hiyo dawa ya kuzuia itolewe mapema mtoto akiwa bado usingizini.

Siku za kwanza jicho huwa jekundu, na wekundu huchukua wiki mbili au tatu kuisha. Jicho kuingia ndani kidogo na mtoto kuona vitu viwili viwili kunaweza kuwatisha wazazi, ila mara nyingi daktari amekusudia hivyo, kwa kuwa macho huelekea kurudi nje kadiri miezi inavyopita. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa, macho hufunikwa kwa zamu au mtoto hupewa miwani yenye prizma. Kuogelea kusubiri wiki mbili au zaidi. Kope kuvimba zaidi badala ya kupungua, usaha, homa, uoni kushuka, au jicho kushindwa kabisa kugeuka upande mmoja: arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Dalili ya mwisho inaweza kuwa msuli ulioteleza kutoka kwenye mshono, na kuchelewa hufanya kuutafuta kuwe kugumu.

Kwetu Afrika Mashariki vitengo vya macho ya watoto vipo, kama vya hospitali za KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam na Kikuyu nchini Kenya. Kambi za macho za siku mbili tatu zinafaa sana kwa mtoto wa jicho wa wazee, lakini kwa kengeza hili hatuzipendekezi: hakuna nafasi ya kupima mara mbili, na timu ikishaondoka hakuna wa kumwona mtoto wiki ya kwanza, ya sita na mwezi wa sita. Mkikubaliana gharama, ulizeni kama imejumuisha dawa ya usingizi, matone na ziara hizo tatu, na kama bima yenu inaitambua kuwa tiba au inaiweka kwenye fungu la urembo.

Msiondoke bila ripoti ya operesheni kwa maandishi: misuli ipi imeguswa, jicho lipi, milimita ngapi. Kengeza likirudi, daktari wa pili atahitaji kuchagua misuli ambayo haijaguswa au kujua ile iliyoguswa imesogezwa hadi wapi, na bila karatasi hiyo ataanza kazi kwa kukisia.