Sponji ya kujazia pengo la jino, nimewekewa na haya ndo niliyoyaona

Nlikuwa na gego la chini limeoza, nikaenda kung'olewa kwenye kliniki moja hapa Ngamiani. Daktari akasema kama nina mpango wa kupandikiza jino baadae bora aweke sponji kwenye shimo, maana ukiacha hivihivi taya linasinyaa na ndani ya mwaka upana wa pale unaweza kupungua hadi nusu. Nikamwambia weka.

Chenyewe kidogo tu, cheupe, kikavu, ni kolajeni (protini ya ngozi na mifupa ya wanyama) imechanganywa na chembe za kalisiamu fosfeti, yaani vitu vilevile vinavyojenga mfupa, na mwili unakila wenyewe taratibu kwahiyo hamna kurudi kutolewa. Nlikuwa nimeshikishwa kioo nikaona kila kitu: kakishika na kibano, kimegusa tu mdomo wa shimo damu ikapanda yenyewe kama chai kwenye boflo, mara chekundu chote.

Sasa mi kazi yangu ni mashine za kuprinti vitu vya plastiki, natumia plastiki inaitwa PLA, na hiyohiyo PLA (ya kwao ni safi zaidi lakini) ndo wanatengenezea skrubu za mifupa zinazoyeyuka mwilini, nikaomba kile kipande kilichobaki kwenye pakiti nikajaribu nyumbani na bomba la sindano. Tone la maji kwenye PLA likakaa limevimba kama jasho, nikapiga msasa kidogo likatambaa, kwenye sponji halikukaa kabisa, lilizama. Na hili si jambo dogo jamani, seli hazishiki plastiki yenyewe, zinashika protini za damu zilizotangulia kutua pale juu, sasa uso ukiwa laini kama kioo na maji hauyataki, seli zinateleza tu. Ndo maana PLA nayo wanaichanganya na madini ya mfupa, uso unapata ukwaruzo, na ile asidi inayotoka plastiki ikianza kuoza inapungua makali. Halafu kuna matundu, yanatakiwa yazidi kama sehemu ya kumi ya milimita ili mfupa na mishipa ya damu ipite, ya kwangu nliyaona kwa macho.

Maumivu siku mbili, kahawa ya moto marufuku (hapa ndo niliteseka, baraza nzima wanakunywa na kashata we unaangalia).

Nyota moja nimekata. Bei ya sponji nimeikuta kwenye risiti, hamna aliyenitajia kabla. Na kubwa zaidi hakuna aliyeniambia kolajeni ya mnyama gani, zipo za ng'ombe na zipo za nguruwe, na Tanga hii mtu unawekaje kitu mdomoni kwa mtu bila kumwambia? Mama ndo kauliza, mi nimeshashonwa fizi tayari. Nikapiga simu, dada wa mapokezi akaenda kutafuta boksi, karudi baada ya dakika kumi: ng'ombe. Mama akasema haya, kula uji wako.