Banda la vifaa vya zamani Ngamiani: chuma changu wamekitambua, ila chunga grinda yao

Kama una kifaa cha kale nyumbani na hakuna anayejua kilikuwa cha kazi gani, kipeleke lile banda la vyuma Ngamiani, hapa Tanga mjini. Halina kibao, ukiona tezo na misumeno ya kizamani imening'inizwa mlangoni ndo hapo hapo. Mimi nawapa nyota nne, ya tano wameikosa kwa uzembe wao wenyewe ntaeleza.

Chuma chenyewe kilikuwa kwenye sanduku la babu. Urefu shibiri hivi, chuma kitupu hakina mpini wa mbao, juu kina kichwa kipana kama uyoga, huku chini kimetandazwa kama patasi lakini hakikati hata karatasi. Halafu pale ambapo ungetegemea makali kuna kamfereji kembamba kametoka kona hii mpaka kona ile. Nikatupia picha kwenye grupu la familia, weee, mmoja kasema cha kuchongea mawe, mwingine cha mafundi umeme wa zamani, mjomba akaapa kabisa kuwa ni cha reli. Si mnaijua Tanga yetu, chuma usichokijua kinasingiziwa reli au mkonge, vyote viwili viliingia mkoani 1893 kwa hiyo kila babu lazima apachikwe huko. Kwa watu wa skrepa ndo kabisa, wao walitaka kukiweka kwenye mizani tu.

Sasa hapo bandani mwenyewe ni mama mtu mzima, baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Kilichonifurahisha hakukurupuka kutaja jina, alianza kukisoma chuma kwanza. Akashika kichwa, akakipapasa pembeni, akaniambia "mwanangu hiki hakijapigwa nyundo ya chuma hata siku moja". Akachomoa tindo moja kuukuu kwenye rundo akaniwekea ubavuni, ile tindo kichwa kimefumuka na kingo zimejikunja kwa kupigwa, changu kiko laini kabisa maana yake kilikuwa kinapigwa kwa nyundo ya mbao. Reli ikafa hapo. Mkonge nao hata hakuupa muda, mkonge unakatwa kwa kisu, hiki butu kitakata nini? Kisha akachukua msumari akakwangua ule mfereji, ikatoka takataka nyeusi yenye mafuta, kuifikicha kumbe ni nyuzi za pamba. "Chembeu hii. Ya kukalafatia mashua."

Kwa wasiojua (na mimi sikuwa najua), mbao za jahazi au mashua hata zipangwe vizuri vipi baina yake pana mwanya. Fundi anasokota pamba aliyoilowesha mafuta, anailaza kwenye mwanya, anaisindilia kwa chembeu na nyundo ya mbao kidogo kidogo mpaka ishibe, chombo kikirudi majini mbao zinavimba zinaibana ile pamba maji hayapiti. Kwa hiyo ule ubutu sio ubovu, ingekuwa na makali ingekata pamba na kuumiza mbao, na mfereji ndo unaoshika pamba isikimbie ukipiga. Kuna vyembeu vyembamba vya kuanzia na hivi vya mfereji vya kukazia mwishoni. Mama anasema baba yake alikuwa anasikiliza mlio, pamba ikishakaza nyundo inatoa sauti nyingine, ndo anasogea mbele. Akanielekeza nikitaka kuiona kazi yenyewe nizungukie fukwe kipindi cha bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), maji yakitoka vyombo vinabaki pakavu mafundi wanaviwahi kabla hayajarudi. Wanazidi kupungua lakini, boti za faiba hazina mwanya wa mbao wa kuziba.

Haya sasa malalamiko. Kuna kijana pale ye kila kitu ni grinda. Nimelipia kusafishiwa kutu, mama kageuka kuhudumia mteja mwingine dogo kashawasha mashine anataka "kukipa makali bosi", yaani angeufuta ule mfereji wote nikabaki na patasi mbovu kweli! Nilipiga kelele mpaka jirani muuza kahawa akaja kuangalia. Mwishowe mama akakitumbukiza kwenye mafuta ya taa, akakiacha kilale humo, kesho yake akakisugua kwa brashi ya waya, kimetoka safi na weusi wake wa zamani upo. Huo weusi msikubali uondolewe jamani, chuma kikishang'arishwa kama sufuria huwezi tena kuona kilitumikaje.

Bei hazijaandikwa popote, kusafisha nimetoa elfu nane baada ya kuvutana, kutambua hakulipiwi ila ukinunua chochote atafurahi. Wana keekee (ya kutobolea mbao) na uta wake, randa za mbao, sindano za kushonea magunia, vingine bei juu mno kwa maoni yangu hasa randa. Chembeu aliitaka kwa elfu thelathini nikakataa, akaniambia basi nisiitumie kufungulia makopo ya rangi.

Asubuhi sana usiende hawajafungua, Ijumaa wanafunga wakati wa swala wanachelewa kurudi, risiti sahau. Beba keshi, na ukiacha kitu chako mkabidhi mama mwenyewe mkononi.