Nimepanga tanuri ghorofa ya tisa

Lifti na maegesho someni kwenye tangazo. Mimi nina neno na ukuta.

Jengo liko Posta, Dar es Salaam, ofisi yetu inatazama magharibi. Wakati wa kupanga tulielezwa vizuri tu: kioo cha nje, kioo cha ndani, katikati uwazi wa hatua moja wenye mapazia ya alumini. Hewa inaingia chini, ikipata moto inapanda na kutokea juu, inaondoka na joto la jua kabla halijatufikia. Nikasaini. Na asubuhi, nisiwe mnafiki, pazuri: mwanga tele, honi za bodaboda husikii.

Ngoja saa tisa alasiri, utajua hujui. Jua likiwa utosini kuta zinapona. Likiteremkia Magomeni linaingia zima zima. Kiyoyozi kinaunguruma, luku inakatika kila siku, na kioo cha ndani hukiwekei kiganja mara mbili. Siku moja, mwezi wa pili au wa tatu hivi, masika hayajaanza, nikaning'iniza kipimajoto ndani ya uwazi kupitia kidirisha cha usafi. Kikasoma 52. Barabarani ilikuwa 33!

Nikashuka kwa meneja. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Dada, hii teknolojia ya Ulaya, nyie hamjaizoea. Funga pazia."

Pazia lipi? Hili langu la ndani? Joto limeshapita vioo vyote viwili, limeshakaa kwenye kiti, ndiyo nilifungie pazia? Na huko Ulaya ukuta huu unawasaidia kutunza joto wakati wa baridi. Baridi ya Posta iko wapi? Abu Dhabi, kwenye jua kali kuliko letu, minara ya Al Bahar imewekewa vivuli nje ya kioo, vinafunguka na kujifunga kwa kulifuata jua. Teknolojia ni hiyo, siyo "funga pazia".

Jibu nilipewa na kijana anayefuta vioo: matundu ya juu yamezibwa kwa mbao, eti kunguru walikuwa wanajenga viota. Kwa hiyo hewa inapanda, inakosa pa kutokea, inakaa humo inachemka. Na mapazia ya katikati mota zake zimekufa, hata yeye hakumbuki tangu lini.

Nilitoa nyota moja. Baada ya barua ya tatu wakang'oa mbao upande wetu, wakaweka wavu, na alasiri ile ile tukazima kiyoyozi kimoja kati ya viwili. Nikapandisha hadi nne, maana kumbe ukuta hauna kosa. Juzi nimechungulia kwa majirani: mbao zao zipo vile vile, kwa kuwa hawajaandika barua. Nikashusha mbili.

Leo asubuhi nimekuta karatasi imepitishwa chini ya mlango. Kodi inapanda, sababu "maboresho ya ukuta". Andikeni nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa vioo.