TAHADHARI: muuzaji wa injini za mvuke "zenye sauti" za treni ndogo za modeli ni tapeli, msimpe hela!!

Jamani ile injini niliyoinunua kwake, niliyokuwa nawasumbua nayo, imefika na ni utapeli mtupu. Naandika huku vidole vinatetemeka kwa hasira.

Kabla hamjaanza kunicheka, huyu jamaa sikumwamini hivi hivi. Nilimwambia piga video niione ikitembea laivu, akapiga. Nikamwambia bonyeza F0 kwenye kontrola (hizi F ni vitufe vya kuiamrisha injini), taa ya mbele ikawaka. F1 kengele ikalia. F2 honi, tena ndefu, na mwangwi juu kama inaingia kwenye handaki. Akaiondoa taratibu, mvuke unalia "chafu, chafu, chafu", huku tanuri linametameta rangi ya chungwa, sasa niambieni nani hapo asingenunua? Halafu anaongea kifundi kabisa, ati spika ni ya omu 8, imefungwa ndani ya kiboksi chake ili besi itoke, na kapasita, kile kidude cha kuhifadhi umeme kidogo, ipo ili sauti isikatike magurudumu yakipita kwenye reli chafu. Tapeli gani anajua mambo ya kapasita?? Hapo ndo alinimaliza, nikatuma hela yote.

Naiweka relini, F0 taa inawaka. F1 kimya. F2 kimya. F8, ambayo kwenye dekoda nyingi (ile chipu ndani ya injini inayopokea amri za kontrola) ndo inawasha sauti, kimya. Nikasema labda volyumu imeshushwa, nikahangaika na CV zake, zile namba za mipangilio ya dekoda, wapi. Nikafungua bodi. Spika ipo, na kiboksi chake kizuri tu, ila waya zake mbili zimekatwa zikafichwa chini ya gundi, haziendi popote!! Dekoda yenyewe ni ile ya kawaida ya mota na taa. Na lile tanuri ni LED ya mishumaa ya plastiki, zile zinazopepesa zenyewe, kaichomelea kwenye umeme wa reli, kwa hiyo ubonyeze usibonyeze moto unawaka tu saa zote. Shenzi kabisa. Sauti zote zile alikuwa anazipiga kwa simu nyingine huku anajifanya anabonyeza kontrola.

Nimemuuliza, kanijibu "ndugu, tatizo ni kontrola yako", kisha kaniblok. Kontrola yangu!! Hii hii inayoliza injini zangu nyingine zote!

Mtu wa hivi afungwe, arudishe hela za watu, na akitoka asiruhusiwe kuuza hata behewa moja bovu.

Haya, mkikutana naye au mwenzake: sikilizeni ule mlio wa mvuke, "chafu". Injini ya silinda mbili inapiga mara 4 kila gurudumu kubwa likizunguka mara moja, yake ilikuwa mdundo ule ule iende pole iende mbio. Mwambieni ainyanyue kutoka relini, kapasita itaishikilia sekunde chache tu, sauti ikiendelea jua ni simu. Na aisome CV8 mbele yenu, ile namba ya mtengenezaji wa dekoda, mimi nilipomwomba akadai mtandao unakatakata. Kuna mengine ila kichwa kinauma.

Sasa hivi kashaweka tangazo la injini ya dizeli, ati inaunguruma na taa za kibini zinawaka, meza ile ile na kitambaa kile kile. Mripotini kabla hajampata mwingine, na mliokwisha kumtumia hela njooni inboksi tukamshtaki pamoja.