Kuhamia Mombasa na watoto: mtaa gani? Anza na daraja, kisha onja maji

Kila anayetaka kuhamia Mombasa na familia huniuliza kwanza, "Nyali ni pazuri?" Ndiyo, Nyali ni pazuri. Lakini kabla ya kuuliza uzuri wa mtaa, jiulize kazi yako iko upande gani wa maji na shule ya watoto itakuwa upande gani. Mombasa ni kisiwa, na mji mzima hupitia milango mitatu: Daraja la Nyali upande wa kaskazini, Daraja la Makupa kwa wanaokwenda Changamwe na njia ya Nairobi, na feri ya Likoni kusini. Ukilala upande mmoja na shughuli zako ziko upande mwingine, umeahidi kusongamana mlangoni na watu wote, kila asubuhi na kila jioni, na watoto wako umewaahidia vivyo hivyo.

Hilo nimelilipia. Tulipotoka Nakuru mume wangu alikuwa amepata kazi Changamwe, nasi tukapanga nyumba ng'ambo ya Daraja la Nyali, kwa sababu dalali alitupitisha ufuoni kabla ya kutuonyesha vyumba. Baada ya upepo ule na mchanga ule, hatukuuliza tena la maana. Ikawa baba watoto anavuka Nyali, anakatiza kisiwa, anavuka Makupa, na jioni anarudia yale yale kinyumenyume. Watoto walimwona Jumapili. Maji ya mfereji nayo yalikuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu, birika limeota ukoko mweupe, na mdogo wetu anajikuna usiku kucha. Tulivumilia miezi minane. Tangu siku hizo nimehama mara mbili zaidi, na nimetembea na ndugu na marafiki wengi wakitafuta nyumba. Mpangilio ulio hapa chini ni wa familia ya kipato cha kati, yenye watoto wa shule, isiyo na dereva.

Maji, kabla ya mtaa wowote

Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji matamu. Tunakunywa maji ya majirani: chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambazo bomba lake lilijengwa miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki katika kaunti ya Kilifi, na Marere na Tiwi huko Kwale. Hayatutoshi, kwa hiyo yanagawanywa kwa zamu. Pengo linazibwa na visima vya chumvi, maboza (malori ya kuuza maji), na mikokoteni ya mitungi ya lita 20. Bwawa la Mwache linajengwa Kwale, na dalali anaweza kukwambia shida inakaribia kwisha. Usilipe kodi ya leo kwa maji ya kesho.

Ukiingia nyumba, fungua mfereji wa jikoni mwenyewe, kinga kiganja, onja. Kisha panda juu uangalie matangi. Nyumba iliyofikiriwa vizuri ina tangi la maji matamu na la maji ya chumvi mbalimbali, lile la chumvi likienda chooni na kwenye kufulia tu. Mwenye nyumba atakwambia maji "yapo". Mama wa nyumba ya pili ndiye wa kuulizwa: mfereji hutoka siku gani, na mwezi uliopita mlinunua maboza mangapi? Jibu lake lijumlishe kwenye kodi. Nimeona nyumba ya bei rahisi ikawa ghali kuliko ya jirani kwa sababu ya boza.

Ninapoanza mimi: Tudor

Wengi hawaitaji Tudor, na ndiyo maana naiweka juu. Iko ndani ya kisiwa, ukingoni mwa mkono wa bahari unaozunguka kutokea Nyali hadi Makupa. Ukikaa Tudor, feri na madaraja yote mawili ni mambo unayoyachagua, hayakulazimishi. Kazi ikihama kutoka mjini kwenda bandarini, au kutoka bandarini kwenda Nyali, huna haja ya kuhamisha watoto shule. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Coast General, haiko mbali. Mzazi aliyewahi kubeba mtoto mwenye degedege usiku wa manane anajua dakika zile zina uzito gani.

Kuna jambo jingine lisiloandikwa kwenye matangazo ya nyumba. Tudor bado ni mtaa wa watu wanaojuana. Mtoto anakwenda chuoni kusoma Kurani kwa miguu, mwingine anakwenda kanisani kwa miguu, na duka la kona linamjua kila mmoja kwa jina la mamake. Mtoto wangu wa kwanza alijifunza Kiswahili kizuri pale, barazani kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akimsahihisha kila neno kabla ya kumpa kashata.

Ubaya wake ni umri. Majengo mengi ni ya zamani, mabomba yameoza ndani ya kuta, nyaya za stima zimepachikwa pachikwa, na gari la pili halina pa kulala. Kadiri unavyoteremkia majini ndivyo nyumba zinavyobanana na mifereji ya maji machafu inavyokuwa wazi. Tafuta sehemu ya juu, na uulize nyaya zilibadilishwa lini.

Nyali, lakini Nyali ya kweli

Kwa kinywa cha dalali, Nyali huanzia darajani ikaishia anapotaka. Nimeonyeshwa "Nyali" iliyokuwa nyuma ya soko la Kongowea, na "Nyali" nyingine iliyokuwa Bombolulu kabisa. Si mitaa mibaya, ila si kodi ya Nyali hiyo. Muulize jambo moja kabla ya kutoka nyumbani: nishuke kituo gani cha matatu? Jina la kituo halidanganyi.

Nguvu ya Nyali kwa familia ni kwamba unaweza kuishi bila kuvuka, na hilo kwangu lazidi bahari. Shule, hospitali, maduka makubwa, madaktari wa meno, vyote viko kandokando ya Links Road na barabara ya Nyali. Ikiwa kazi yako nayo iko upande huo, au unafanyia kazi nyumbani, iweke Nyali ya kwanza na Tudor ya pili. Ikiwa kazi iko mjini, kumbuka foleni ya asubuhi kuelekea Buxton, unaposhukia kisiwani.

Kodi ni kubwa, na juu ya kodi kuna ada ya huduma ya kila mwezi kwa bawabu, lifti, taka na jenereta. Itake kwa maandishi, pamoja na kinachofanyika lifti ikikwama. Barabara za ndani hazina matatu, kwa hiyo mtoto wa sekondari atategemea tuktuk au boda hadi barabarani, na hesabu yake kwa mwezi si ndogo.

Kiembeni na Bamburi

Kiembeni, kaskazini ya Nyali, ndipo tulipokaa kwa furaha kuliko kote, miaka mitatu. Kwa pesa inayokupa vyumba viwili Nyali, Kiembeni unaweza kupata vitatu na kipande cha uwanja cha kupanda mwembe. Watoto wanaendesha baiskeli nje ya geti. Jumamosi unakwenda Haller Park, ambayo ilikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji hadi ikapandwa miti upya, na leo mtoto anamlisha twiga kwa mkono wake. Jumapili jioni ni ufuo wa umma wa Pirates, ambapo hakuna anayekudai kiingilio.

Chagua barabara, usichague nyumba. Nyumba mbili zinazofanana, moja kwenye lami na nyingine hatua mia tano ndani, ni maisha mawili tofauti mvua ya masika ikishuka. Mwezi Mei tuktuk hukataa kuingia, na mtoto anavua viatu vya shule kuvuka tope. Visima vya huku vingi vina chumvi. Na kwa kuwa upande wa Kisauni umewahi kusumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga, usione haya kuuliza. Keti na mwenye kibanda cha chai jioni, umuulize watu hurudi nyumbani saa ngapi. Akisema saa nne usiku bila wasiwasi, umepata jibu. Akisema "saa mbili kila mtu yuko ndani", umelipata pia.

Mikindani, kwa wa bandari, uwanja wa ndege na reli

Laiti tungepanga huku mwanzo. Ikiwa unafanya kazi Changamwe, bandarini Kipevu, Uwanja wa Ndege wa Moi au kituo cha reli ya SGR pale Miritini, Mikindani itakurudishia saa mbili za kila siku. Kodi ni ya wastani na familia ni nyingi.

Tahadhari yangu ni viwanda na malori. Karibu na hapa ndipo palipo Owino Uhuru, kijiji ambacho wakazi wake, watoto wakiwamo, walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikasonga hadi Mahakama ya Juu. Akina mama wa pale hawakuchagua kiwanda kile. Wewe bado una nafasi ya kuchagua: zunguka nusu kilomita kuzunguka nyumba, tazama kuna moshi gani, kuna yadi gani, na upepo unatoka wapi.

Kizingo, Mji wa Kale, Likoni, Mtwapa

Kizingo ingekuwa ya kwanza kama pesa si hoja. Hospitali ya Aga Khan iko papo hapo, na bustani ya Mama Ngina ya ufuoni, iliyokarabatiwa mwaka 2019, ni mahali pa jioni ambapo mji mzima hukutana kula mihogo ya kukaanga na kutazama meli. Ukikosa, tafuta Ganjoni, mtaa jirani.

Mji wa Kale siupi nafasi kwenye mpangilio huu. Ni malezi ya aina yake, kila mtu mzima ni mzazi wa kila mtoto, lakini nyumba hupatikana kwa kujulikana. Gari haliingii vichochoro vingi, na kwa kuwa ni eneo la hifadhi huwezi kubomoa au kujenga utakavyo.

Likoni ni ya aliye na kazi kusini. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini kuisubiri kuna gharama yake. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024, sasa inaunganisha Miritini na Kwale bila feri, na kwa mwenye gari anayefanya kazi Changamwe imeifanya Likoni ifikirike. Kwa mwenye kazi katikati ya kisiwa ni mzunguko mrefu. Mtwapa iko kaunti ya Kilifi, ng'ambo ya daraja lake lenyewe, na mitaa iliyo karibu na barabara kuu hailali usiku. Ina nyumba nzuri ndani, ila huko ndani utahitaji gari.

Joto, na nyumba inavyokaa

Mgeni huja kuangalia nyumba mwezi Julai, upepo wa kusi unavuma, akadhani Mombasa yote ni hivyo. Januari hadi Machi, msimu wa joto wa kaskazi, chumba chenye ukuta unaopigwa na jua la jioni hakilaliki. Watoto walale upande wa mashariki au kusini, dirisha na mlango vikitazamana hewa ipite. Ghorofa ya juu kabisa chini ya zege tupu ni jiko. Ikiwa itakubidi kuweka kiyoyozi, kadiria tokeni za stima kabla hujasaini.

Ukitaka kununua

Panga mwaka mmoja kwanza, masika moja na kaskazi moja. Halafu jihadhari na jambo ambalo watu wa bara hawalijui: Mombasa kuna nyumba bila ardhi. Unanunua kuta na paa, ardhi ni ya mtu mwingine, na unamlipa kodi ya kiwanja. Majengo, Kisauni, Likoni, utazikuta. Wenyeji wameishi hivyo kwa vizazi, lakini benki haitakukopesha kwa nyumba hiyo, na mwenye ardhi akibadilika nawe unaanza upya. Ardhi nyingine ni wakfu, yaani imetolewa daima kwa ajili ya dini au hisani, na wakfu hauuzwi. Hakikisha rekodi katika ofisi ya ardhi wewe na wakili wako, asiwe wakili wa muuzaji. Kwa fleti, uliza kama jengo limegawanywa chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, ili upate hati ya fleti yako mwenyewe.

Kwa wapangaji, usilipe pesa ya kuona nyumba kabla hujaiona, wala amana kwa mtu asiye na mkataba wa mwenye nyumba. Na nenda mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, uhesabu dakika hadi shuleni, Jumamosi usiku, usikie muziki uko umbali gani, na siku ya mvua. Mara ya tatu nenda na watoto. Wangu ndio waliogundua, tulipokuwa tukitafuta Kiembeni, kwamba nyumba tuliyoipenda haikuwa na mtoto mwingine hata mmoja katika kichochoro kizima, tukaenda kupanga ya pili yake, penye kelele.