Kuonyesha skrini ya simu kwenye kipakatalishi bila waya: uzoefu wangu wa miezi minane

Jumamosi moja kila mwezi, katika ukumbi mdogo wa kanisa mtaani Umoja, Nairobi, mimi huwafundisha wanachama wa chama chetu cha akiba kufanya kwa simu zao yale ambayo wengi wao bado huyapeleka kwa kijana wa saiba: kujaza ritani za kodi, kufungua akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), kuweka kumbukumbu za michango. Zamani niliinua simu yangu juu, na watu kumi na wanane wakajikunja mbele kuitazama, huku wa safu ya nyuma wakiitikia tu kwa adabu. Tulikuwa na projekta ya zamani isiyo na Wi-Fi, na mimi nilikuwa na kipakatalishi. Tulichokosa ni njia ya kupitisha kinachoonekana kwenye simu hadi kwenye kipakatalishi, ili projekta ikioneshe ukutani.

Waya ungeweza kufanya kazi hiyo, na sikuukataa kwa dharau. Shida ni kwamba waya ulinifunga mezani ilhali kazi yangu inanitaka nipite kati ya viti, na kila mwanachama aliyetaka kuonyesha simu yake mwenyewe alikuja na tundu la chaji la aina yake. Ndiyo sababu niliamua kujaribu njia zisizotumia waya.

Nilianza na Miracast kwa kuwa haikuhitaji ninunue chochote. Hiki ni kiwango cha kurusha picha ya skrini hewani, kilichotolewa na Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za Wi-Fi, mwaka 2012, na ubora wake mkubwa kwa mtu wa ukumbi kama wetu ni kwamba simu na kipakatalishi huzungumza moja kwa moja kupitia Wi-Fi Direct, bila ruta na bila intaneti, kwa hivyo hakuna hata kipande cha bando kinacholiwa. Windows 10 ilipata uwezo wa kupokea picha za namna hii katika sasisho la mwaka 2016, lakini katika matoleo ya tangu 2020 uwezo huo hauji umewashwa. Lazima uende kwenye vipengele vya hiari katika mipangilio na kupakua kinachoitwa Wireless Display. Mimi sikulijua jambo hilo mpaka nilipokuwa ukumbini tayari, nikalazimika kulipakua kwa bando la simu huku watu wakinywa chai. Kabla ya hilo, mtu afungue dirisha la amri na kuandika netsh wlan show drivers, kisha atazame mstari unaohusu Wireless Display. Kipakatalishi changu cha kwanza, nilichokinunua kikiwa kimetumika, kiliandika «No» papo hapo, na hakuna mpangilio ambao ungebadilisha jibu hilo, kwa maana kadi yake ya Wi-Fi pamoja na programu endeshi yake havikuukubali mfumo huo. Nilimwomba dada yangu chake, nacho kikakubali.

Upande wa simu una mkanganyiko wa majina tu. Samsung huuita uwezo huu Smart View, simu nyingine huandika kutuma skrini au skrini isiyotumia waya, na zipo simu ambazo hazina kabisa. Ukishagusa jina la kipakatalishi katika orodha, Windows huuliza kama umekubali, na ukitaka inaweza kudai namba ya siri. Nakushauri uidai, hasa mahali penye watu wengi.

Kikao cha pili ndicho kilichonifundisha zaidi. Tulifika tukakuta stima imepotea mtaa mzima. Jirani alituazima betri kubwa ya kuendesha projekta, na kipakatalishi kikabaki kwa chaji yake. Nilifungua orodha kwenye simu na kipakatalishi hakikuwemo. Nilizima Wi-Fi na kuiwasha, nikaanzisha upya simu, nikaanzisha upya kipakatalishi, na karibu nusu saa ikapita hivyo. Hatimaye niliona katika mipangilio ya kupokea picha kisanduku kidogo kinachosema kwamba kompyuta itaonekana na vifaa vingine pale tu inapokuwa imechomekwa kwenye umeme. Kwenye kipakatalishi hicho kilikuwa kimewekewa alama. Nikaiondoa, na jina likajitokeza. Aliyeuweka mpangilio huo bila shaka aliwaza ofisi ambayo umeme haukatiki. Kwa mkazi wa Nairobi, hicho ndicho kisanduku cha kwanza cha kukagua.

Siku hiyo hiyo nilipata aibu ambayo naisimulia kwa faida ya wengine. Kuakisi skrini maana yake ni kuakisi kila kitu, na katikati ya maelezo yangu kuhusu namba ya PIN ya kodi ukashuka ujumbe wa M-Pesa, ukaonyesha ukutani kiasi nilichotumiwa na salio langu lote. Mweka hazina wetu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, «Mwalimu, kumbe ule mchango wa Machi uko!» Tangu hapo huwasha hali ya kutosumbuliwa kabla ya kugusa kitu kingine, na simu za wanachama nazo huziwekea hivyo kabla hazijaunganishwa.

Picha ya Miracast ilinitosheleza kwa somo, ila ina uzito wake. Simu hukandamiza kila picha ya skrini, huirusha hewani, kisha kipakatalishi huifumbua upya, na kazi hiyo hula muda na chaji. Kwenye vifaa vyangu nilikuwa nikigusa kitufe, kisha nikingoja kidogo kukiona kikibonyezwa ukutani. Kwa kusoma fomu hakuna tatizo. Kwa mchezo au kwa kuandika haraka, utakereka. Simu hupata joto, na baada ya saa nzima ya kufundisha chaji huwa imeshuka kiasi cha kuonekana. Sauti huja pamoja na picha, jambo linalosaidia tunapotazama video fupi za mafunzo.

Nyumbani ninakoishi, ghorofa ya nne katika jengo la kupanga pale Roysambu, Miracast hiyo hiyo ilikuwa ikikatikakatika. Nilifikiri simu imeharibika, mpaka nilipohesabu mitandao ya Wi-Fi iliyoonekana kutoka sebuleni, nikafika ishirini na kuendelea. Nyingi zilikuwa kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambako ni chaneli tatu tu, yaani 1, 6 na 11, zisizoingiliana, kwa hivyo jengo zima hugombania nafasi hiyo finyu. Nilipohamishia kipakatalishi kwenye mtandao wa gigahezi 5 wa ruta yetu, mkatikokatiko ulipungua sana, ingawa masafa hayo hayapenyi kuta vizuri na ni lazima nikae chumba kimoja na ruta.

Ni huko nyumbani nilikoanza kutumia scrcpy, programu huria ya kuonyesha skrini ya simu ya Android kwenye kompyuta, iliyotolewa na kampuni ya Genymobile mwaka 2018, isiyo na matangazo wala malipo. Ninaipenda kuliko yote niliyojaribu, lakini siwezi kuipendekeza kwa kila mtu, kwa kuwa inadai subira mwanzoni. Unagusa nambari ya muundo ya simu mara saba ili chaguo za wasanidi programu zifunguke, unawasha utatuzi (debugging), yaani ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu, kisha unaianzisha scrcpy kwenye kipakatalishi kwa kuandika amri. Simu za Android 11 na kuendelea zina utatuzi usiotumia waya, unaounganishwa kwa namba ya kulinganisha. Za zamani zaidi huhitaji waya mara ya kwanza. Vifaa vyote viwili lazima viwe kwenye mtandao mmoja, na katika Wi-Fi ya mkahawa mmoja wa mjini nilishindwa kabisa kwa sababu ruta yao ilizuia vifaa vya wateja kuonana.

Zawadi ya subira hiyo ni kwamba unaiendesha simu kwa kipanya na kibodi. Ninaandika ujumbe mrefu wa chama kwenye kibodi halisi na simu imelala mezani, skrini yake ikiwa imezimwa. Waundaji wake wanataja ucheleweshaji wa milisekunde 35 hadi 70. Bila waya nahisi unazidi kidogo, lakini ni mdogo sana nikilinganisha na wa Miracast. Mtandao ukilemewa, mimi huipunguza picha kwa kuandika scrcpy -m 1024, na mambo hutulia. Sauti ilikuja katika toleo la 2.0 mwaka 2023, nayo hutaka Android 11 au zaidi. Nikimaliza, huzima utatuzi bila kukosa, kwani kuuacha wazi ni kumwachia mtu mlango wa simu nzima.

Kuna programu moja ya kulipia niliyoijaribu kwa siku tatu. Toleo lake la bure liliweka maandishi katikati ya picha na kukata kila baada ya dakika chache, nikaifuta. Mwanachama mwenye iPhone naye hatujamtatulia vyema: iPhone haitumii Miracast bali AirPlay, mfumo wa Apple wenyewe, ambayo kompyuta za Mac zinaweza kuipokea tangu macOS Monterey ya mwaka 2021, na kwetu hakuna aliye na Mac.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna njia kati ya hizi iliyolishinda. Tukifungua programu ya benki, ukutani huja weusi mtupu, kwa kuwa programu hizo huuagiza mfumo wa Android usiruhusu skrini zao kunakiliwa. Sioni kosa hapo. Baada ya mkasa wa salio langu, ningekuwa mtu wa mwisho kulalamika. Somo la benki tunalifanya kwa karatasi: nimechora kila hatua kwa kalamu nene, na projekta tunaizima ili kuiokoa ile betri ya jirani.