Mafuta ya mgando yasiyo na harufu: makopo tisa, ujauzito mmoja

Nimepaka mafuta ya mgando, yale meupe ya kawaida yasiyo na harufu, tangu mwezi wa pili wa ujauzito mpaka leo mtoto ana miezi minne. Makopo tisa ya gramu 250 yamekwisha, la kumi liko nusu. Naandika kwa ajili ya dada mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa viraka na magamba, aliyepima akaona mistari miwili, akafurahi, halafu akakaa kitandani akijiuliza sasa atapaka nini. Nami nilikaa hivyo hivyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Soriasisi ninayo tangu nikiwa na miaka 22: viwikoni, magotini, kiunoni nyuma na kichwani. Kwa miaka mitatu niliambiwa ni fangasi, nikapaka kila dawa ya fangasi, na shangazi yangu akawa ameshaanza kuulizia waganga. Jibu nililipata Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992. Walinikata kipande kidogo cha ngozi kiwikoni, wakakipima, nikaelezwa kwamba kinga ya mwili wangu inaiharakisha ngozi. Seli zinazotakiwa zichukue kama mwezi kufika juu, kwangu zinafika kwa siku chache, zinarundikana, ndiyo yale magamba. Nikaambiwa pia haiambukizi. Siku ile nilirudi Tanga nikamkumbatia binti yangu bila kuvaa mikono mirefu.

Kabla sijashika mimba hii nilikuwa nameza methotreksati, vile vidonge vya soriasisi vya mara moja kwa wiki. Daktari alishanionya mapema: ukitaka mtoto, njoo kwanza tuongee. Nikaenda. Akaniachisha, tukahesabu miezi huku natumia uzazi wa mpango, maana dawa ile inaweza kutoa mimba au kumlemaza mtoto tumboni. Asitretini, dawa nyingine ya soriasisi ya kumeza, ndiyo ina masharti makali zaidi, kwani mwanamke akishaiacha anatakiwa akae miaka 3 asishike mimba. Kama unameza mojawapo na hujaziona siku zako, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kesho asubuhi.

Basi mafuta yenyewe. Watu wengi huyapaka ngozi ikiwa kavu kisha wanalalamika hayasaidii. Mafuta ya mgando hayana maji ya kuipa ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yale yaliyopo yasitoke. Kwa hiyo mimi naoga maji ya uvuguvugu, sisugui kwa dodoki, najigandamiza kwa khanga laini bila kujifuta, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu ndipo napaka, kuelekea vinyweleo vinakolalia. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya dirisha nikitazama kiwiko. Magamba yaliyokuwa meupe kama chokaa ya ukutani yalianza kufifia, yakawa kama karatasi iliyoingia mafuta, na chini yake nikaiona rangi ya kiraka chenyewe: zambarau iliyokolea. Sisi weusi hatutoki wekundu kama picha nyingi zinavyoonyesha. Ni zambarau, au kahawia ya kijivu, na kikipona kinaacha doa jeusi la miezi. Lile doa si ugonjwa, usilishambulie kwa krimu za kung'arisha.

Baada ya wiki tatu, asubuhi na usiku bila kukosa, magamba yalikuwa yanatoka yenyewe bafuni na kuwasha kumepungua kiasi cha kunilaza usiku. Kiraka kilibaki, ila kimelainika na hakipasuki tena nikikunja mkono. Kwa fundi hilo si dogo. Kiwiko changu kinashinda mezani kwenye cherehani, na soriasisi ina tabia moja mbaya: ngozi ikikwaruzwa au kusuguliwa sana, kiraka kinaweza kuota palepale. Mwezi uliotangulia mteja alikuwa ameniletea kitambaa cheusi cha abaya. Nikiwa nakata mbele yake, magamba yakadondoka juu ya ule weusi. Hakusema neno. Alikikunja kitambaa chake, akaniaga vizuri, akaondoka nacho. Nililia siku hiyo mpaka jioni.

Lakini mafuta viwikoni na kitambaa cha mtu havikai pamoja. Nikachukua fulana mbili za pamba za baba watoto zilizochakaa, nikakata mikono, nikatia lastiki laini juu na chini, nikawa navaa kuanzia mkono mpaka juu ya kiwiko. Imenisaidia kwa mambo mawili: mafuta hayagusi kazi ya mteja, na kiwiko hakisuguliki na meza. Mezani pia nimeweka kitambaa kilichokunjwa mara nne. Nimeshona seti kumi hivi za mikono hiyo, nyingine nimegawa.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu najua halijanipata peke yangu. Mwezi wa nne tumbo lilianza kuota vidoa. Nikaingia duka moja la vipodozi mjini, sitalitaja, muuzaji akaniambia, "Mama kijacho, paka hii, siku tatu tu utaniletea majibu." Kweli, siku ya tano tumbo lilikuwa safi. Nikapaka na mapajani. Tyubu ilipokwisha baada ya siku kumi, vidoa vikarudi vingi kuliko mwanzo, vingine pasipokuwa na kitu kabla. Nilipompelekea daktari ile tyubu tupu akanisomea jina: klobetasoli, moja ya steroidi kali kuliko zote za kupaka (steroidi ni dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi). Akanieleza kwa upole kwamba steroidi kali ikipakwa kwa wingi katika ujauzito imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na kwamba kuiacha ghafla ndiko kulikoamsha vidoa. Akaniandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi hafifu, kwa sehemu za mikunjo, na nyingine ya nguvu ya kati kwa viwiko na magoti tu, kwa siku chache. Kipimo alinionyesha kwa kidole: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Tumboni akasema mafuta ya mgando basi. Na vidoa vikizidi, hatua inayofuata ingekuwa kumulikwa ngozi kwa mwanga wa mashine, ule wa UVB, ambao mjamzito anaruhusiwa, ila asikose vidonge vya foliki asidi kwa kuwa mwanga ule huweza kuipunguza mwilini. Kwangu haikufika huko. Kuanzia mwezi wa sita ngozi ilitulia kuliko ilivyokuwa miaka mingi. Wengi wetu hupata nafuu ujauzitoni. Wengine hubaki vile vile, na wapo wanaozidiwa.

Yana kasoro zake, nazo nimezihesabu. Joto la Tanga la Januari linayalainisha mpaka yanateleza kopo likiwa mkononi, na chini ya matiti na kwenye makwapa yalinitoa harara, nikaacha kupaka huko. Kichwani hayafai kabisa, yananasa kwenye nywele wiki nzima. Huko natumia mafuta ya nazi, nalala nayo nimejifunga kilemba cha zamani, asubuhi naosha na magamba yanabanduka taratibu bila kukwangua. Shuka zimeingia madoa yasiyotoka.

Na moto. Hili ningependa liandikwe kwenye kila kopo kwa herufi kubwa. Khanga iliyonyonya mafuta haya siku baada ya siku inashika moto haraka mno, na kuifua hakutoi yote. Mimi khanga zangu za mafuta ni mbili tu, zina alama ya uzi mwekundu pembeni, na sisogei nazo kwenye jiko la mkaa wala mshumaa. Nikitaka kupika nabadilisha kwanza. Nikiwa na tumbo la miezi minane na sufuria ya wali mbele yangu, baba watoto ndiye aliyekuwa akiuliza kila jioni, "Umebadilisha?"

Nilijifungua salama, kilo tatu na gramu mia mbili. Kliniki hawakuniambia, ila daktari wa ngozi alishanieleza nijiandae: wengi hulipukiwa upya ndani ya wiki chache baada ya kuzaa. Wiki ya sita magoti yalianza, kisha kiuno. Kwa sababu nilijua, sikukimbilia dukani. Nilirudi kwenye ratiba ile ile, nikaweka miadi mapema. Namnyonyesha, kwa hiyo kwenye chuchu sipaki steroidi yoyote, na mafuta ya mgando yakigusa ziwa nayafuta kabla mtoto hajashika. Methotreksati sijairudia wala sitairudia nikinyonyesha.

Nayapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya moto na kichwa. Hayaponyi soriasisi, na anayekuambia ana kopo linaloponya anakudanganya. Ila katika yote niliyopaka miezi ile, ni haya peke yake niliyopaka bila hofu ya mtoto.

Ukienda kununua, fungua kopo unuse. Kama linanukia waridi, au limeandikwa la watoto wachanga lakini lina manukato, liache. Manukato yalinipasua ngozi ya shingo mara moja. Soma nyuma: orodha iwe na kitu kimoja tu. Angalia mfuniko una karatasi yake ya ndani haijachanwa. Usinunue yale ya kupimiwa kwa kijiko sokoni, hujui yamechanganywa na nini. Mimi nanunua duka la dawa, shilingi 4,000 kopo la gramu 250, nalo linanichukua kama wiki tano. Chota kwa kijiko kikavu na safi, usitie vidole vilivyotoka kwenye kiraka, kopo litakufikisha mwisho likiwa safi.